Moshi gani, mwalimu?

Asubuhi ile niliingia darasa la pili natembea kama mtu aliyeshinda tenda. Nilikuwa nimekesha na andalio la somo. Nimechukua mchezo ambao kila mtoto anaujua, nimeugeuza kidogo, na moyoni nilishajiambia kwamba ikifika saa ya uji watoto wangu 72 watakuwa wanajua herufi kubwa inakaa wapi na wapi haikai.

Mchezo wenyewe ni ule wa nyama. Kwa waliosahau utoto wao: kiongozi anaita "Nyama, nyama, nyama!" na wote wanaruka wakiitikia "Nyama!" Halafu anataja. Ya ng'ombe? "Nyama!" Ya mbuzi? "Nyama!" Ya chura? Kimya, na aliyeruka anatoka. (Nguruwe hatajwi. Darasani nina watoto wa msikitini na wa kanisani, na siku moja niliyoteleza nikamtaja, nusu ya kipindi iliishia kwenye mjadala ambao hata wakubwa hawajaumaliza.)

Mimi nikaondoa nyama nikaweka herufi. "Kubwa, kubwa, kubwa!" Nao, "Kubwa!" Kisha nataja neno. Kama linaanza na herufi kubwa wanaruka, kama halianzi wanatulia kama maji mtungini. Jumatatu, wakaruka. Dawati, kimya. Kilimanjaro, wakaruka mpaka mwalimu wa mkondo B akaja mlangoni kuniuliza, "Dada, leo una mkutano wa injili?" Chaki, kimya, isipokuwa wawili ambao Kilimanjaro ilikuwa bado haijawatoka miguuni. Mambo yakawa yanakwenda kama nilivyoyaandika.

Nikasema, "Moshi!"

Nusu wakaruka. Nusu wakabaki chini. Walioruka wakawacheka waliobaki, waliobaki wakawazomea walioruka, na katikati ya zogo hilo binti mmoja wa dawati la pili, mwembamba, mwenye sauti ya kukwaruza kama ya bibi kizee aliyeamshwa usingizini, akanyoosha kidole.

"Moshi gani, mwalimu?"

"Moshi," nikajibu.

"Ule wa jikoni, au hapa tulipo?"

Nina miaka 16 nikifundisha katika mji huu. Neno hilo nimeliandika juu ya barua, kwenye fomu, kwenye kona ya ubao, sijui mara ngapi. Sijawahi kusimama nikajiuliza kwamba jina la mji wetu na kile kinachomtoa mama machozi jikoni vinatofautiana kwa herufi moja tu, na hata herufi hiyo tofauti yake ni urefu. Ukitamka, hakuna kitu. Sikio halipati habari yoyote.

Na hapo ndipo nilipoona andalio langu lilipovuja. Darasa la kwanza na la pili kazi yetu kubwa ni KKK, kusoma, kuandika na kuhesabu, na kusoma tunakufundisha kwa sauti. Mtoto anajifunza kwamba m inasema mmm, s inasema sss, akiunganisha na irabu anapata silabi, akiunganisha silabi anapata neno. Kila alama aliyopewa ina sauti yake. Sasa unamletea M. Anakuuliza inasemaje. Unamwambia mmm, ileile. Ana haki ya kukutazama kwa mashaka. Umemletea kitu kisicho na sauti halafu unataka akicheze kwa masikio.

Jioni nilipofika nyumbani nilichukua karatasi nikaanza kuandika majina ya kwetu huku. Mkoa wa Kilimanjaro una wilaya sita: Hai, Moshi, Mwanga, Rombo, Same na Siha. Ondoa Rombo na Same. Zilizobaki zote nne ni maneno ambayo mtoto anayakuta popote. Aliye hai. Moshi wa kuni. Mwanga wa taa. Siha njema. Ukishuka kwenye kata za mjini ndiyo kabisa: Karanga, Pasua, Majengo, Bondeni, Miembeni. Sisemi majina hayo yalitokana na maneno hayo, hilo niwaachie wenye elimu yake. Nasema yanaandikwa sawasawa, na kinachoyatenganisha ni herufi ya kwanza peke yake. Nilikuwa nahangaika kutafuta zana za kufundishia, kumbe nimezikalia.

Tena mimi nilitakiwa niwe wa kwanza kujua, maana iliwahi kunikuta. Kwetu ni Upareni, wilaya ya Mwanga. Nikiwa darasa la tatu tuliambiwa tuandike insha kuhusu familia, na mimi nikaandika kwa mwandiko wangu bora kabisa: "Bibi yangu ni mtu wa mwanga." Kwa herufi ndogo. Mwalimu wetu akaisoma mbele ya darasa, akashusha daftari taratibu, akaniuliza, "Bibi yako anaruka na ungo?" Kwa wasiojua, mwanga si taa tu. Ni yule mchawi wa usiku, na wingi wake ni wanga. Mpaka namaliza la saba niliitwa mjukuu wa mwanga. Bibi mwenyewe alipoambiwa alicheka hadi akashika mbavu, akasema afadhali, sasa hakuna atakayethubutu kumwibia ndizi.

Kesho yake nikarudi na mchezo uleule, ila sikutaja neno moja moja. Nilitaja sentensi nzima na kuuliza kuhusu neno moja ndani yake.

"Kuni mbichi zinatoa moshi." Wakatulia.

"Shangazi amepanda basi la Moshi." Wakaruka.

"Bibi anakaanga karanga." Wakatulia, ingawa kuna mmoja alilamba midomo.

"Viatu hivi vimetengenezwa Karanga." Hapo walisita. Halafu mtoto mmoja wa nyuma, ambaye nadhani ana ndugu kule, akaruka peke yake akipiga kelele kwamba Karanga kuna kiwanda cha viatu, pale gerezani, na darasa zima likamfuata.

Unaona kilichotokea. Wameacha kusikiliza neno, wanasikiliza maana. Mtoto wa miaka saba anajiuliza: hapa anasemwa mtu au mahali fulani penye jina lake, au kinasemwa kitu chochote tu? Nilipowapa "Naona mwanga" wote wakageuka kunitazama, na yule binti akasema, "Mwalimu, hiyo haitoshi. Malizia." Nikamalizia, "Naona mwanga chini ya mlango." Wakatulia. Nikawapa nyingine, "Kutoka juu ya kilima hiki naona Mwanga yote." Wakaruka. Nikajisikia nimelipwa mshahara mara mbili mwezi mmoja.

Furaha hiyo ilidumu mpaka nilipogeuka nikaandika ubaoni.

Niliandika: Moshi umetanda jikoni. Chini yake: Moshi imechangamka leo. Nikapiga mstari chini ya kila Moshi. Ukimya, kisha manung'uniko. "Wamefanana tena!" Ni kweli. Sentensi ikianza, hata moshi wa jikoni anapewa herufi kubwa. Mtu mzima atatazama kitenzi, ataona *umetanda* na *imechangamka*, atajua huyu ni wa ngeli ya mti na yule ni mji. Watoto wanatumia upatanisho huo vizuri kabisa wakizungumza, lakini kuwaambia wautumie kama ushahidi ni kama kumwambia mtu aangalie pua yake. Ipo, anaitumia, haioni.

Suluhisho likatoka kwenye kofia, na halikutoka kwangu.

Mchezo wa kofia uko hivi. Nimekata maboksi, nimeyatoboa nikapitisha kamba ya katani, kila boksi lina neno moja kwa herufi ndogo tupu. Watoto wanne wanavaa maboksi shingoni wanasimama mbele: *jumamosi*, *neema*, *anakwenda*, *rombo*. Mtoto wa tano ni fundi kofia. Anapita na kofia zake na kumvalisha kila neno linalostahili, na darasa linahukumu kwa sauti: "Anayo!" au "Hana!" Nilianza na kapelo nyekundu ya mwanangu na nyingine mbili za kuokoteza. Zikawa zinazunguka kichwa hadi kichwa kwa wiki mbili, mpaka mama mmoja alipokuja mlangoni na mtoto wake kamshika mkono, kichwa kimejaa duara za mapunye. "Mwalimu, sikulaumu," alisema, na kila mtu anajua sentensi ikianza hivyo unalaumiwa. Alikuwa na haki. Kapelo zikarudi nyumbani zikachemshwa, tukashona za manila, kila mtoto na yake, imeandikwa jina kwa ndani. Mwenzangu unayetaka kuiga, anza na manila.

Basi siku moja mtoto aliyevaa *anakwenda* aliangua kilio. Kumbe ameshavaa boksi hilo mara tatu na hajawahi kupata kofia. Neema anapata, Rombo anapata, Jumamosi anapata, yeye anasimama katikati kichwa wazi kama mtu asiyealikwa. Nikamwonea huruma, nikasema haya, leo njoo mbele. Jumamosi akae nje kwanza. Ikawa: *anakwenda rombo neema*. Si sentensi ya kuandika barua lakini ndivyo tunavyosema, "Anakwenda Rombo, Neema." Fundi kofia akamvalisha *anakwenda*, darasa likapiga "Anayo!" na machozi yakakauka. Nikamrudisha Jumamosi mbele. Fundi kofia, bila kuambiwa, akamvua *anakwenda* kofia. Akamwacha Neema na yake.

"Mbona Neema humvui?" nikauliza.

"Ya Neema ni ya kwake," akasema. "Hii nyingine ilikuwa ya kuazima."

Nilikaa kwenye kiti. Nimesoma chuo cha ualimu, nimehudhuria mafunzo kazini, na hakuna mtu aliyewahi kunieleza kanuni hiyo vizuri hivyo. Kuna kofia ya kuazima, anayovaa yeyote aliyetangulia mbele, na akirudishwa katikati anavuliwa. Na kuna kofia ya mwenyewe, ambayo jina linavaa popote litakaposimama, hata ukilisukuma mwisho wa mstari. Tukarudi kwenye ubao. "Moshi umetanda jikoni." Msukume katikati tuone. *Leo moshi umetanda jikoni.* Kofia imedondoka, kwa hiyo ilikuwa ya kuazima. "Moshi imechangamka." *Leo Moshi imechangamka.* Kofia iko palepale. Tangu siku hiyo sijaandika tena ubaoni "herufi kubwa hutumika katika mazingira yafuatayo". Nauliza tu: ya kuazima au ya mwenyewe?

Darasani nina akina Neema watatu, akina Baraka wawili, Upendo mmoja na Bahati mmoja, na wote hao wanatembea na majina ambayo ni maneno. Huo ukawa mchezo wa dakika za mwisho, wakati wa kusubiri kengele. Baraka amepata baraka. Upendo hana upendo leo, kamnyima Neema kifutio. Wanatunga wenyewe na kuonyesha kofia kwa kuweka kiganja kichwani.

Sasa yale yanayokera. La kwanza ni *sh*, *ch*, *ny*, *ng'* na ndugu zao. Kwa kuwa tumewafundisha kwamba *sh* ni sauti moja, wakiambiwa waanze jina kwa herufi kubwa wanaikuza yote: SHirimatunda, CHausiku, NJoro, NG'ambo. Kila mwaka. Mwanzoni nilikuwa napiga kalamu nyekundu tu na kuendelea. Siku hizi nakubali kwamba wana mantiki. Kama ni sauti moja, na ndiyo tulivyowaambia, kwa nini kofia ivaliwe na nusu tu? Nimejaribu maelezo mengi. Lililoshika ni la punda na mkokoteni: herufi mbili zinavuta mzigo mmoja, lakini kofia anavaa wa mbele tu, maana ndiye anayepigwa jua kwanza. Haina ukweli wowote wa kisayansi. Ila inafanya kazi, na SHirimatunda zimepungua.

La pili ni *mTanzania*. Huyu aliyeandika hivi ni mvulana mtaratibu, mwandiko wake unapendeza kuliko wangu. Aliandika "Mimi ni mTanzania na baba ni mChaga." Nilipomwita akajieleza bila kutetereka: jina ni Tanzania, hiyo m imebandikwa tu, na kofia ni ya mwenye jina, si ya mbandikwaji. Nikatafuta la kumjibu nikakosa. Tena Wazulu wa Afrika Kusini wanaandika hivyohivyo. Lugha yao wanaiandika isiZulu, herufi kubwa katikati, kichwa cha jina kinabaki na kofia yake hata kikitanguliwa na viambishi. Kwa hiyo mtoto amezaliwa na akili nzuri upande wa pili wa bara. Nilimwambia hivyohivyo, kwamba kuna watu wanaandika kama yeye, lakini sisi kofia tunaivalisha kichwa cha neno, awe mwenyewe au mbandikwaji: Mtanzania, Mchaga, Mpare, Kiswahili. Akauliza, "Na Tanzania haioni vibaya kuvuliwa?" Nikamwambia aende akacheze.

Mtoto mwingine, anayesoma madrasa jioni, ndiye aliyeshika haraka kuliko wote kwamba herufi moja inaweza kuwa na sura mbili. Herufi za Kiarabu hazina kubwa na ndogo, lakini zinabadilika sura zikiwa mwanzo, katikati au mwisho wa neno. Kwake hilo halikuwa ajabu hata kidogo. Kilichomshangaza ni kwamba sisi tuna kubwa halafu hatuitumii kila mahali. Nikamweleza kwamba hata Kiswahili chenyewe kiliandikwa kwa herufi hizohizo za Kiarabu kwa karne nyingi, bila kofia yoyote, na watu walitungiana tenzi na kuandikiana barua wakaelewana. Alirudi kwenye dawati lake akiwa mrefu zaidi.

Niliwaambia pia kitu ambacho walikipenda kuliko nilivyotarajia: herufi kubwa ndiye kaka. Warumi wa kale walichonga kwenye mawe kwa kubwa tupu. Ndogo hizi tunazoandika zilikuja baadaye kwa mikono ya waandishi waliotaka kuandika haraka, na zile zilizofanana na zetu zilienea Ulaya miaka ya 800 na kitu. Kwa hiyo A ni kaka, a ni mdogo wake. Tukapanga undugu kwa vizibo vya soda, kubwa kwenye kizibo kimoja, ndogo kwenye kingine, wanatafutana mezani. Kaka na mdogo wanaofanana kama S na s au O na o wanapatikana upesi. G na g, R na r, A na a wanapotezana mpaka watu wanagombana. (Vizibo havikuwa vyote vya soda. Niliviomba kwenye grosari iliyo jirani na nyumbani, na kwa wiki nzima majirani waliniangalia kwa jicho la huruma nikipita na mfuko unaolia kwa vizibo vya bia.)

Waliohamia kutoka shule za inglishi midiamu huja na "na Mimi nilikwenda", kwa sababu Kiingereza kinamvalisha I kofia popote alipo. Ninawaambia Mwingereza anajivalisha mwenyewe, Mswahili husubiri kuvalishwa. Wanaacha baada ya siku mbili tatu.

Na kuna la mangi. Huku mwenye duka la mtaani anaitwa mangi, hata kama ni mtoto wa juzi. "Nimetumwa kwa mangi" ni kofia hapana. Lakini Mangi Meli, yaani chifu Meli wa Old Moshi, aliyenyongwa na Wajerumani mwaka 1900, huyo anavaa mbili. Hapo ikanibidi niwaambie kwamba Wajerumani hao, katika lugha yao, kila nomino wanaiandika kwa herufi kubwa, iwe mfalme iwe kijiko. Yule binti wa dawati la pili akafikiri kidogo, akasema, "Kofia zote wamezimaliza wao."

Mimi mwenyewe nina kesi kama hiyo ya mangi. Mimi ni mwalimu kwa herufi ndogo. Nikisema "Mwalimu alifariki tarehe 14 Oktoba 1999" wote mnajua ninamsema nani, na sihitaji kumtaja kwa jina. Watoto wanapenda sana kunikumbusha kwamba mimi bado sijafika.

Nimefika kwenye lile nililotaka kusimulia tangu mwanzo.

Niliwapa kazi ya nyumbani: kila mtu aende na mzazi au dada barabarani, asome kibao kimoja, akinakili kama kilivyo, kisha akiandike upya kwa kofia zinazostahili. Sababu ni kwamba vibao vyetu karibu vyote ni herufi kubwa tupu. Duka, saluni, daladala, ukuta wa choo, kila kitu kinapiga kelele. Wakaleta hazina. KUKOPA HARUSI KULIPA MATANGA. USIKOJOE HAPA FAINI ELFU KUMI. Mmoja alileta SHONA NGUO KWA BEI YA UPENDO, na tukajadili kama Upendo huyo ni fundi au ni upendo wa kawaida. Hatukuafikiana.

Mvulana mmoja alileta kutoka njia ya kwenda sokoni Mbuyuni: TUNAUZA KUKU HAI NA MAYAI. Chini yake ameandika upya: "Tunauza kuku Hai na mayai." Nikazungushia duara jekundu kwenye ile H. Alikuja mezani na daftari wazi.

"Mwalimu, umenikosesha."

"Kuku hai," nikasema. "Hajachinjwa. Mzima. Herufi ndogo."

"Kuku wanatoka Hai. Mama anasema kuku wa Boma Ng'ombe ndio watamu."

"Wangetoka Hai angeandika kuku *wa* Hai, au kutoka Hai."

"Fundi wa vibao analipwa kwa herufi, mwalimu. Amepunguza."

Nikanyamaza. Darasa likagawanyika tena kama siku ile ya kwanza, nusu wako na mimi, nusu wako na yeye, na hakuna wa kuamua, kwa sababu yule aliyeandika kibao ndiye peke yake aliyejua, na kwa kuandika kubwa tupu ameondoa ushahidi.

Jumamosi nikaenda mwenyewe. Kibao kipo kweli, ubao mweupe rangi ya bluu, na chini yake matenga matatu na mzee amekaa kwenye kigoda anachambua mahindi.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba mama. Jogoo au tetea?"

"Nina swali kwanza. Pale juu umeandika kuku hai. Maana yake wazima, au wa kutoka Hai?"

Mzee akainua macho akasoma kibao chake kana kwamba anakiona kwa mara ya kwanza. Akatazama matenga. Jogoo mmoja akapiga mabawa, vumbi likatuingia wote.

"Si unawaona wanapumua?" akasema. "Na juzi nimewatoa Boma Ng'ombe, wilaya ya Hai. Wewe unataka wapi?"

Nikaondoka na jogoo mwekundu kwenye mfuko wa sandarusi, kichwa nje. Jumatatu nikamrudishia mvulana daftari lake. Duara nilikuwa nimelifuta, na kwenye sentensi ileile nikaweka tiki mbili. Akalipokea bila kusema neno, akaenda kumwonyesha jirani, jirani akamwonyesha jirani, mpaka likafika dawati la pili. Yule binti akalisoma polepole, kidole chini ya kila neno, akafika mwisho, akanyoosha mkono.

"Mwalimu, na mayai nayo yako hai?"